Makampuni ya simu yakioana, mwenye hisa aulize mitambo kwanza

KATIKA soko la hisa ni habari chache zinazosisimua kama ile ya makampuni mawili makubwa ya simu za mkononi kutangaza kuwa yanaungana. Wakurugenzi hupeana mikono mbele ya wapiga picha, wateja wa upande mmoja hujumlishwa na wa upande wa pili, na madalali huanza kuwapigia wateja wao kuwahimiza wanunue mapema. Mwenye mtaji mdogo akisikia mabilioni yanatajwa, hujiona amechelewa, akakimbia kutafuta hisa mbili tatu kabla bei haijapanda zaidi.

Haraka hiyo imewatia wengi hasara. Wateja hujumlishwa kwa kalamu, tena kwa siku moja. Mitambo haijumlishwi hivyo. Minara, masafa na simu zilizo mifukoni mwa watu vina lugha yake, na kama lugha za makampuni mawili hazipatani, gharama ya kuzipatanisha huja baada ya shangwe kwisha, nayo hulipwa na wanahisa. Hisa za kampuni ya simu zapaswa kupimwa kwa swali moja kabla ya yote: kampuni hizi zikiungana, ni mitambo ipi itazimwa, itazimwa lini, na kwa fedha ya nani?

Asiyeona uzito wa swali hilo na atazame yaliyowapata wanahisa wa Sprint na Nextel huko Marekani. Mkasa huo umeshafika mwisho wake, kwa hiyo hesabu zake zinaweza kusomwa zote kuanzia mwanzo.

Harusi ya mwaka 2004

Desemba 15, 2004 Sprint, iliyokuwa ya tatu kwa ukubwa katika simu za mkononi nchini humo, ilitangaza kuungana na Nextel iliyokuwa ya tano. Thamani ya makubaliano ilitajwa kuwa kiasi cha dola bilioni 35. Yaliitwa maungano ya walio sawa. Wanahisa waliambiwa kwamba kwa kuunganisha shughuli, kampuni mpya ingeokoa gharama zenye thamani ya dola bilioni 12 hivi. Agosti 2005 mambo yalikamilika, ikazaliwa Sprint Nextel.

Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri. Nextel ilikuwa kampuni yenye faida na wateja waaminifu. Wengi wao walikuwa makandarasi wa ujenzi, mafundi, madereva na watumishi wa dharura, watu waliopenda huduma yake ya kubonyeza kitufe na kuzungumza papo hapo kama redio ya upepo. Watu wa namna hiyo hulipa bili zao vizuri na hawahami ovyo. Sprint kwa upande wake ilikuwa na mtandao mpana na ilikuwa inajenga huduma ya intaneti ya kasi kwenye simu. Aliyesoma taarifa za hesabu peke yake angesema bwana na bibi wamepatana.

Kasoro ilikuwa minarani. Sprint ilitumia teknolojia ya CDMA katika masafa ya 1900 MHz. Nextel ilitumia iDEN, mitambo ya Motorola, katika masafa ya 800 MHz. Simu ya iDEN haisikii mnara wa CDMA, na ya CDMA haisikii wa iDEN. Mfanyabiashara wa Tanzania anaweza kulielewa jambo hili kwa kukumbuka reli zetu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1000 na TAZARA ina milimita 1067. Tofauti haifiki hata upana wa viganja viwili, lakini behewa la huku haliendi kule, na kule Kidatu ambako reli hizo zinakutana shehena hulazimika kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Kuzipa reli hizo mkurugenzi mmoja na nembo moja kusingebadilisha upana wa chuma.

Bili ilipoanza kufika

Kampuni mpya ilijikuta inaendesha mitandao miwili kwa wakati mmoja. Hiyo ina maana ya mafundi wa aina mbili, vipuri vya aina mbili, simu za aina mbili madukani na matangazo ya aina mbili. Hata makao makuu yalikuwa mawili, viongozi wakiwa Reston, Virginia, na shughuli za kila siku zikiendeshwa Overland Park, Kansas. Zile dola bilioni 12 za kuokolewa zilitegemea mambo haya yapungue, na hayakupungua kwa urahisi.

Kulikuwa na mzigo mwingine ambao asiyesoma maandishi madogo hakuuona. Masafa ya Nextel yalikuwa yamechanganyikana na yale ya polisi na zimamoto, na mawasiliano yalikuwa yakigongana. Mwaka 2004, kabla hata ya tangazo la kuungana, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua masafa hayo yapangwe upya, Nextel ipewe masafa mengine na ibebe gharama za kuwahamisha watumishi hao wa umma. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi kuliko ilivyopangwa. Aliyenunua Nextel alinunua na deni hilo la kazi.

Tena mwaka 2006 Sprint Nextel ililazimika kuinunua Nextel Partners, kampuni iliyokuwa ikitoa huduma ya Nextel katika miji midogo, kwa dola bilioni 6.5 hivi. Hivyo fedha nyingi ziliendelea kumiminwa katika teknolojia ambayo kila fundi alijua haina maisha marefu.

Wateja nao hawakusubiri. Makandarasi waliozoea kubonyeza na kusikika walianza kulalamikia ubora, na wengi wakahama. Kampuni ilijaribu kuleta simu zenye mitambo miwili ndani yake, moja ya CDMA kwa mazungumzo ya kawaida na nyingine ya iDEN kwa kubonyeza na kuzungumza. Ilikuwa ni kutia kiraka mahali palipohitaji nguo mpya. Uamuzi wa wazi wa kuizima iDEN ulitangazwa Desemba 2010, yaani miaka mitano na zaidi baada ya harusi. Mitambo yenyewe ilizimwa Juni 30, 2013.

Nani alilipa

Februari 28, 2008 hesabu ilisomwa hadharani. Sprint Nextel ilitangaza kufuta vitabuni dola bilioni 29.7, sehemu kubwa ya thamani iliyowekwa wakati wa kuungana. Fedha iliyolipwa juu ya mali halisi, kwa matumaini ya faida ya mbele, ilikuwa imeyeyuka. Siku hiyo hiyo wanahisa waliambiwa kwamba gawio limesimamishwa. Mkurugenzi Mkuu Gary Forsee alikuwa ameshaondoka Oktoba 2007, na kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Dan Hesse tangu Desemba.

Mwaka 2005 hisa moja ya kampuni hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 20. Mwanzoni mwa 2008 ilikuwa imeshuka chini ya dola 10, na mwishoni mwa mwaka huo ikawa chini ya dola 2. Mtu aliyekuwa na hisa 100, akiba yenye thamani ya zaidi ya dola 2,000, alibaki na kitu kisichofika dola 200. Ni kweli kwamba mwaka 2006 kitengo cha simu za mezani kilitengwa na kuwa kampuni nyingine, na wanahisa wakapata hisa zake. Ni kweli pia kwamba mwisho wa 2008 masoko yote ya dunia yalianguka. Lakini hisa ilikuwa imeshapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kabla ya tufani hiyo.

Wapo wanaosema mitambo inasingiziwa. Wanataja ugomvi wa tabia kati ya wafanyakazi wa kampuni mbili, huduma mbovu kwa wateja, na simu ya iPhone iliyoingia sokoni mwaka 2007 kupitia mshindani. Hoja hizo zina ukweli. Hata hivyo, zote zilikuwa nzito zaidi kwa kampuni iliyokuwa na mitandao miwili ya kulisha. Mfanyakazi wa huduma anayetakiwa kujua simu za aina mbili na bili za aina mbili atakosea mara mbili. Kampuni inayotumia fedha kuweka hai mtambo unaokufa haina fedha ya kutosha kupambana na simu mpya ya mshindani. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa waliwekwa zizini kwa miaka karibu minane.

Kamari ya pili

Kabla kidonda cha kwanza hakijapona, kampuni hiyo ilicheza kamari nyingine. Mwaka 2006 ilichagua teknolojia ya WiMAX kwa ajili ya kizazi cha nne. Mwaka 2008 ikaingiza masafa yake ya 2.5 GHz katika kampuni ya Clearwire, pamoja na fedha za Intel, Google na makampuni ya televisheni za waya. Kwa muda ilikuwa mbele ya wenzake, kwa kuwa Baltimore ilipata huduma hiyo tangu Septemba 2008.

Lakini makampuni mengi makubwa ya dunia yalikuwa yameelekea LTE. Verizon ilifungua mtandao wake wa LTE Desemba 2010, na viwanda vya simu vikafuata soko kubwa. Sprint ikalazimika kugeuka, ikaanza LTE mwaka 2012, na WiMAX ikazimwa mwaka 2016. Kuwahi hakukuwa na faida kwa sababu barabara iliyochaguliwa haikuwa na wasafiri wengine. Katika teknolojia ya simu anayechagua peke yake hulipa peke yake: vipuri vyake huwa ghali, simu zake huwa chache, na mteja wake akisafiri hana pa kujiunga.

Waliofanya vizuri

Isidhaniwe kwamba kuungana ni balaa siku zote. Januari 2009 Verizon ilikamilisha ununuzi wa Alltel kwa dola bilioni 28.1, madeni yakiwemo. Fedha hizo hazikuwa pungufu sana ya zile za Nextel, lakini kampuni zote mbili zilikuwa za CDMA. Mteja wa Alltel aliweza kusikia mnara wa Verizon kwa simu yake ile ile, na kazi iliyobaki ilikuwa zaidi ya kubadilisha mabango na vitabu vya bili.

Mfano wa T-Mobile na MetroPCS una mafunzo zaidi, maana hao walikuwa na teknolojia tofauti. T-Mobile ilikuwa ya GSM na MetroPCS ilikuwa ya CDMA, yenye wateja milioni 9 hivi. Walipotangaza kuungana Oktoba 2012, walisema tangu mwanzo kuwa CDMA itazimwa, wateja watahamishiwa mitambo ya T-Mobile, na masafa yatakayobaki wazi yatatumika kwa LTE. Wateja wa MetroPCS walikuwa wa malipo ya kabla na walizoea kubadilisha simu mara kwa mara, kwa hiyo kuhama hakukuwauma sana. Mkataba ulikamilika Mei 2013, na kufikia katikati ya 2015 mitambo ya zamani ilikuwa imezimwa. Miaka miwili na ushei, wakati Sprint ilichukua miaka karibu minane.

Kwa hiyo tofauti ya teknolojia peke yake haiui kampuni. Kinachoua ni kuoana bila kusema nani atahama nyumba.

Mwisho wa mkasa una kejeli yake. SoftBank ya Japani iliichukua Sprint mwaka 2013, na Aprili 1, 2020 Sprint ikaungana na T-Mobile hiyo hiyo. Yale masafa ya 2.5 GHz, ambayo sehemu yake ilitoka kwa Nextel, yakawa nguzo ya mtandao wa kizazi cha tano wa T-Mobile, na CDMA ya Sprint ikazimwa mwaka 2022. Mtu anaweza kusema kwamba waliounganisha kampuni mwaka 2005 hawakukosea kuhusu thamani ya masafa. Lakini mwenye hisa 100 aliyeuza kwa hasara mwaka 2008 ili alipe karo ya mtoto haimsaidii kusikia kwamba mali ilikuja kuzaa matunda miaka kumi na miwili baadaye, mikononi mwa mwingine.

Na huku kwetu je?

Afrika Mashariki iliepuka sehemu kubwa ya balaa hili kwa kuwa makampuni yake makubwa ya simu za mkononi yalichagua GSM. Mtu hutoa kadi ya kampuni moja akaweka ya nyingine katika simu ile ile, na maelfu wana simu za laini mbili. CDMA iliingia, kwa mfano katika simu zisizo na waya za TTCL, lakini haikutawala soko.

Hata hivyo maswali ni yale yale. Kenya, katika mpango wa mwaka 2014, kampuni ya Essar iliyokuwa na mtandao wa yu iligawanywa: wateja walikwenda Airtel, mitambo na minara ikaenda Safaricom. Mpango huo ulionyesha wazi kwamba mteja na mnara ni bidhaa mbili, kila moja na bei yake. Mwaka 2019 Airtel na Telkom Kenya walitangaza nia ya kuungana, wakakutana na masharti ya wadhibiti, na Agosti 2020 mpango ukaachwa. Kwa mwaka mmoja na nusu kampuni mbili ziliishi kama wachumba, wafanyakazi wakiwa hawajui hatima yao.

Tanzania, mwaka 2015 Millicom, yenye Tigo, ilinunua asilimia 85 ya Zantel kutoka Etisalat kwa dola moja. Msomaji asidhani ni kosa la uchapaji. Ilikuwa dola moja taslimu, pamoja na kubeba deni la dola milioni 74. Bei ya kampuni ya simu inaweza kusomwa hivyo: wateja wapo, minara ipo, jina linapendwa, lakini ukitoa madeni na gharama ya kuendesha mitambo, kinachobaki ni dola moja. Baadaye Zantel iliunganishwa na Tigo, na mwaka 2022 biashara yote ikauzwa kwa kundi linaloongozwa na Axian. Tangu Novemba 2024 inatumia jina la Yas.

Mambo haya yanamhusu mwananchi wa kawaida kuliko zamani. Wakenya waliuziwa hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Watanzania waliuziwa hisa za Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma. Walimu, wastaafu na wenye maduka wakawa wanahisa wa kampuni za simu. Iwapo kesho kampuni yoyote itatangaza kununua nyingine, ni akiba ya watu hao itakayopanda au kushuka.

Ya kuuliza kabla ya kufungua pochi

Mwenye mtaji mdogo hana haja ya kuwa mhandisi. Anahitaji maswali manne tu, na haki ya kuyauliza kwa dalali wake na katika mkutano mkuu wa wanahisa.

La kwanza, ni mtandao upi utazimwa na tarehe ipi? Kampuni isiyoweza kutaja tarehe haijaamua, na isiyoamua itaendesha mitandao miwili kwa fedha ya wanahisa.

La pili, je, simu zilizo mikononi mwa wateja zitafanya kazi kwenye mnara wa upande wa pili? Kama hazitafanya, nani atanunua mpya? Swali hili lamhusu pia mwenye duka la simu. Shehena ya simu za mtandao unaokufa hugeuka mapambo ya rafuni, na hakuna wa kuzirudishia.

La tatu, masafa yana masharti gani? Masafa ni leseni ya serikali, yana muda wake wa kwisha, na mdhibiti anaweza kudai yarudishwe au yapangwe upya. Kampuni inayojisifia masafa mengi na ioneshe karatasi zake.

La nne, baada ya kuungana deni litakuwa kiasi gani, na gawio litakuwaje? Kampuni ikisema kwamba faida itakuja baada ya miaka mitano, mwenye hisa ajiulize kama naye anaweza kusubiri miaka mitano bila gawio. Anayeweza, anunue. Fedha ya karo na ya mbegu isipelekwe huko.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya ni ya wenye hisa nyingi, na mwenye hisa mia hana sauti. Hilo si kweli kabisa. Mwenye hisa mia anayo sauti moja ambayo hakuna mkurugenzi awezaye kuizima, nayo ni kutonunua. Wanahisa wa mwaka 2005 walionyeshwa orodha ya wateja wakaridhika. Wangedai pia orodha ya mitambo, huenda wangepunguza shangwe na kuokoa akiba zao. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara ya simu daftari hilo lina ukurasa wa minara.